Kanvasi isafiri vipi hadi London?

SWALI: Galari imekubali kupeleka michoro yangu mitatu ya Tingatinga kwenye 1-54, maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika, London. Wanataka kanvasi bila fremu. Niikunje vipi? Na mwaka ujao naweza kukodi banda mwenyewe? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usikunje, viringisha, na upande wenye rangi uwe nje. Wengi huuweka ndani wakidhani wanaulinda, kumbe huko rangi hubanwa, hujikunja na kubanduka. Ikiwa nje huvutika kidogo tu. Zungushia kanvasi juu ya bomba la majitaka la inchi 6. La inchi 2 ni jembamba mno.

Kabla ya hapo, subira. Rangi ya kopo hukauka juu kwa siku moja, chini ikabaki mbichi kwa wiki kadhaa. Bonyeza ukucha pembeni: ukiacha alama, bado. Juu ya rangi tandika karatasi ya kuokea yenye silikoni. Plastiki ya vipovu ikigusa rangi kwenye joto la bohari hunata, nawe utapokea chui mwenye madoa usiyoyachora. Acha sentimita 5 tupu kila upande, la sivyo fundi wa fremu atakula mchoro.

Banda? 1-54, inayofanyika Somerset House kila Oktoba, hupokea maombi ya magalari, si ya msanii mmojammoja. Mgawo wa mauzo kati yako na galari, ambao mara nyingi ni nusu kwa nusu, uandikwe kabla mzigo haujaondoka, pamoja na nani analipia kuurudisha usipouzwa.