Nguvu za Mama Ziende kwa Watoto: Kulea Familia Ukiwa na MS Nairobi

Mzazi mwenye MS (maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva) huamka na nguvu za kupimiwa. Zikiisha saa sita mchana, zimeisha. Chai haizirudishi, na hata ukilala usiku kucha huna hakika kwamba kesho zitakuwa nyingi zaidi. Nimeishi na ugonjwa huu tangu kifungua mimba wangu akiwa nasari, na kama kuna ushauri mmoja ninaotaka mzazi mwenzangu auchukue, ni huu: nguvu hizo chache wape watoto kwanza, kazi za nyumba zipate kitakachobaki. Hapa kwetu mama hupimwa kwa sakafu inayong'aa na kamba iliyojaa nguo Jumamosi. Achana na kipimo hicho. Nguo kuna mwingine anayeweza kuzifua. Kukaa na mwanao akikusimulia jinsi alivyosukumwa shuleni, hapo hakuna wa kukushikia zamu.

Na usikubali mtu akuambie uchovu huu ni uvivu. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya magonjwa, hugeuka ikashambulia mielini, yaani utando unaofunika neva za ubongo, za uti wa mgongo na za macho. Utando ukiharibika, ujumbe wa ubongo huchelewa au hupotea njiani. Ndiyo maana mmoja wetu huanza kwa jicho linalouma likigeuzwa huku rangi zikififia, mwingine kwa ganzi ya miguu, mwingine kwa mkojo usiotaka kungoja hata matatu ifike stejini. Wengi hugundulika kati ya miaka 20 na 40, umri uleule wa kuzaa na kulea, na wanawake ni mara mbili ya wanaume au zaidi. Huu ni ugonjwa unaoingia nyumbani penye watoto wadogo.

Kwa hiyo watoto waambie, na uwaambie mapema. Wanakuona ukishika ukuta kwenda chooni. Wanasikia watu wazima wakinong'ona. Usipowaeleza, watajieleza wenyewe, na maelezo yao huwa ya kutisha kuliko ukweli. Mimi nilimwonyesha kijana wangu waya wa chaja ya zamani, pale karibu na kichwa ambapo plastiki imechunika na simu inachaji tu ukiukunja kwa namna fulani. Nikamwambia neva za mama zimechunika hivyo mahali mahali. Aliugeuza ule waya muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, utakufa?"

Swali hilo litakuja, jiandae. Nilimjibu kwamba huu si ugonjwa wa kuniondoa leo wala kesho, kwamba nitakuwa na siku nzuri na siku mbaya, na siku ikiwa mbaya nitamwambia mwenyewe. Akauliza kama ataambukizwa. Hapana, MS haiambukizi kwa kushikana, kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja. Hata kwa upande wa kurithi, kati ya watoto 100 ambao mzazi wao mmoja ana MS, ni kama wawili au watatu tu wanaokuja kuipata. Lakini usimwahidi mtoto kwamba utapona kabisa. Tiba ya kuumaliza ugonjwa huu bado haijapatikana, zipo dawa za kupunguza mashambulio yake, na mtoto uliyemwambia ukweli mara ya kwanza atakuamini mara ya pili. Kwetu sasa nikisema "leo ni siku ya kiti", mdogo huja na kitabu chake tukasoma nimeketi, na hakuna anayeogopa.

Kusaidia nyumbani ni sehemu ya malezi, na watoto wangu huosha vyombo na kutandika vitanda kama watoto wengine wa mtaa. Ila kuna mpaka, na naomba tuulinde. Mtoto anayeacha kucheza ili akuogeshe, anayekosa shule ili akusindikize kliniki, au anayelala akitega sikio asikie kama umeanguka, huyo amebebeshwa mzigo wa mtu mzima. Na hapa kwetu mzigo huo huangukia binti, hata kama ana kaka mkubwa mwenye mikono miwili. Hilo linaniuma sana. Tafuta mtu mzima: dada yako, binamu, jirani, mtu wa kanisa au wa msikiti. Omba kwa jina la kazi, usiombe "msaada" kwa jumla. "Nichukulie mtoto shuleni Jumanne" hupata jibu. "Nisaidieni" hupata pole.

Kazi nyingine Nairobi yenyewe imeshatupatia njia. Mama mboga atakukatia sukuma ukimwomba. Maharagwe na githeri huuzwa yameshachemshwa. Mama fua anajulikana kila ploti. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi alimkuta mama fua akianika, na jioni akanivuta kando. "Mwanangu, unamlipa mtu akufulie na mikono unayo?" Nikamwambia, "Mikono ninayo, mama. Lakini nikifua leo, kesho sitaweza kuamka kumwandaa mtoto wa shule. Niambie wewe, nichague ipi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwezi huu huyo mama nitamlipa mimi." Wakwe wengi si wabaya. Hawajaelezwa tu kwa lugha ya kazi za kila siku, lugha wanayoijua. Kama pesa ya mama fua haipo, fua kidogo kidogo, nguo za shule peke yake, ukiwa umeketi. Keti pia ukipika. Kigoda jikoni kimenisaidia kuliko ushauri mwingi niliopewa hospitalini.

Nyumba nayo iangalie upya. Ghorofa nyingi za Eastlands hazina lifti, na siku ya mgao wa maji mitungi hupanda kwa mgongo wa mtu. Kama mnaweza kuhamia chini, hameni, hata kama chumba ni kidogo na mtu wa juu anakanyaga kwa nguvu. Halafu kuna joto. Kuanzia Januari hadi Machi, jua la Nairobi likipanda, wengi wetu macho hufifia na miguu huwa mizito. Joto huzuia neva zilizoumia zisipitishe ujumbe vizuri, lakini halizidishi uharibifu, na mwili ukipoa hali hurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo usiogope, panga: sokoni asubuhi, leso yenye maji shingoni, madirisha wazi unapopika, na watoto waogeshwe kabla hujachoka.

Homa ni jambo la kushughulikia haraka. Familia nyingi hurudi kutoka likizo ya Desemba, Kisumu au Mombasa, na malaria mwilini. Homa hiyo, au maambukizi ya njia ya mkojo, inaweza kuamsha dalili zako zote za zamani ukadhani umepata shambulio jipya. Shambulio la kweli huleta dalili mpya au zilizozidi, hudumu zaidi ya saa 24, na huja bila homa. Kabla hujakubali kuwekewa steroidi, dawa ya kutuliza shambulio, kwenye mshipa, sisitiza upimwe malaria na mkojo.

Kwa kina mama wanaotaka kuzaa bado: MS haikukatazi. Mashambulio kwa kawaida hupungua wakati wa mimba, hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Panga msaada wako hapo. Mila yetu ya mama au mama mkwe kuja kumtunza mzazi iliwekwa kama kwa ajili yetu, basi muombe akae zaidi, na zamu za usiku mgawane. Zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu baadhi ya dawa, kama teriflunomide na cladribine, hazifai kabisa kwa mtoto aliye tumboni.

Kuhusu dawa kwa jumla, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: cladribine, glatiramer na rituximab. Hiyo ya tatu hutumika pia kwa magonjwa mengine, kwa hiyo huenda hospitali yako inayo; muulize daktari wako kuihusu. Watakuja wa kukuambia umerogwa. Mimi maombi nayapokea kwa moyo wote na dawa naendelea nayo.

Shughulikia pia karatasi ukiwa bado unatembea vizuri. Ulemavu wa MS mara nyingi hauonekani kwa macho, lakini unaweza kupimwa katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwenye kusajiliwa na kupewa cheti cha msamaha na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, halipi kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni karo. Na kama bado hujajiandikisha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jiandikishe wewe na watoto.

Baba watoto naye aongee. Wanaume wetu hunyamaza wakidhani wanatuvumilia, kumbe wanaogopa. Tulianza kuketi Jumapili watoto wakilala, kila mmoja akisema jambo moja lililomlemea wiki hiyo, hata la chumbani, hata la pesa. Huwa hatulitatui kila mara.

La mwisho, kaeni na mpango wa siku mbaya kabla haijafika. Nani atachukua watoto, nani ana ufunguo wa ziada, dawa ziko kabati gani, shule ipigiwe simu na nani. Uandikeni kwa kalamu nzito, ubandikeni nyuma ya mlango wa jikoni kwa urefu ambao mdogo anaweza kusoma, na jirani mliyemwandika aambiwe mapema kwamba jina lake liko hapo.