Viazi vya pilipili vya oveni: kwanini vyako vinalegea

Mkuu uliyeuliza kwanini viazi vyako vya oveni vinatoka vimelegea kama vya kuchemsha halafu pilipili juu imekuwa nyeusi na chungu, ngoja nikujibu maana yote mawili yamenikuta. Nilinunua kale kaoveni ka umeme ka mezani baada ya mzee hapa nyumbani kuambiwa apunguze mafuta, nikasema basi, chipsi za karai mwisho, tunaoka. Siku ya kwanza nikakata viazi, mafuta, pilipili ya unga vijiko vitatu vya chakula, moto wa mwisho kabisa. Na mama mkwe alikuwepo. Dakika ya 20 nyumba nzima inakohoa, mama kakimbilia barazani kajiziba na kanga, nafungua oveni pilipili mkaa, viazi vinaogelea. Tukala mkate.

Kinachokusumbua ni maji aisee. Kiazi karibu 80% yake ni maji, sasa ukivibananisha kwenye trei mvuke unakosa pa kutokea, yani unavichemsha humohumo kwenye oveni bila kujua. Kwahiyo anzia sokoni, chukua vilivyokomaa, sugua ganda na kidole gumba, likitoka kirahisi hicho bado kichanga kina maji mengi, achana nacho. Cha kijani pia kiache. Na ukifika nyumbani usiviweke kwenye friji, baridi inageuza wanga wake kuwa sukari halafu ukioka vinaungua rangi haraka kabla havijaiva.

Usimenye. Osha vizuri, gawa kiazi katikati kwa urefu, kila nusu itoe vipande vitatu au vinne vinavyolingana, vikipishana unene vingine vitaungua vingine vibichi. Loweka kwenye maji ya baridi nusu saa ule wanga wa juu utoke, utaona maji yamekuwa meupe. Halafu mimi huwa navichemsha kwenye maji ya chumvi dakika 5 tu tokea yaanze kutokota, namwaga maji, nafunika sufuria natikisa kidogo kingo zikwaruzike, hizo kingo zilizochakaa ndo zinakuja kuwa kavu na kulia kru kru. Baada ya hapo vitandaze kwenye kitambaa safi vikauke kabisaaa, hapa ndo wengi wanakosa uvumilivu, mi naviacha hata dakika 15 feni inapuliza.

Viungo kwa kilo moja natumia mafuta vijiko 3 vya chakula, pilipili ya unga kijiko kimoja cha chai, paprika viwili (hii ni ya rangi zaidi, haiwashi), binzari nyembamba kimoja, kitunguu swaumu cha unga kimoja, pilipili manga nusu, chumvi, na unga wa sembe vijiko 2 vya chakula unaosaidia kukausha juu. Kitunguu swaumu kibichi usitie, kinaungua kinakuwa kichungu. Changanya viungo na mafuta kwanza ndo uvipake viazi, pilipili kavu ikikaa juu peke yake bila mafuta itakukohoza kama ilivyotukohoza sisi. Ukitaka vikali zaidi ongeza pilipili mwisho vikishatoka.

Oveni iwe nyuzi joto 220 (Selsiasi) na trei iwe ndani inapata moto tangu mwanzo, ukiweka kiazi usikie kinalia. Panga upande uliokatwa uguse trei, viachane, kama havitoshi fanya awamu mbili, najua inauma. Dakika 20 usiviguse, geuza, 15 au 20 nyingine. Hizi oveni ndogo nyingi joto lake halilingani, yangu upande wa nyuma unaunguza kwahiyo nikigeuza viazi nazungusha na trei. Umeme ndo hivyo, yangu ya wati 2000 inakula kama uniti moja na kidogo kwa mpiko mmoja, sio chakula cha kila siku labda LUKU analipa mwenye nyumba.

Vikitoka kamulia ndimu, kula na kachumbari au chatne ya ukwaju, na ule hapohapo maana vikifunikwa kwenye hotpoti vinalegea upya. Vikibaki virudishe oveni dakika 5. Mama mkwe siku hizi akija anaviulizia mwenyewe, ila vikiwa jikoni anasubiri barazani.