Saa Kumi Iliyoninyima Vesuvio

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma aliniandikia: "Shikamoo dada. Mwezi wa tisa nampeleka mama Italia kwa kaka yangu, na tumepanga kupanda Vesuvio wenyewe, bila kampuni ya utalii. Tiketi tukate mapema au tutaangalia hukohuko?"

Neno hilo la mwisho limenitonesha kidonda. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, lakini najua hayuko peke yake. Wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile niliyokuwa nayo, ya kusimama kwenye mdomo wa volkano hiyo ya karibu na Napoli, mlima uliofukia mji wa kale wa Pompeii, kwa miguu yenu wenyewe na kwa hela yenu wenyewe. Basi nimeandika yote.

Mimi ni mtoto wa Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro. Nimekua nikimwona Kibo, kilele chake, kila asubuhi mawingu yakikubali, na nilipokuwa kidato cha tatu nilipanda na wenzangu mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720. Niliposoma kwamba Vesuvio una mita 1,281, niliona kama nimeambiwa nipande kilima cha nyuma ya kanisa. Geti la Marangu lenyewe, pale unapojiandikisha kabla hujapiga hata hatua moja ya kupanda, liko juu kuliko kilele chote cha Vesuvio. Kwa hiyo nilifikiria viatu, nikafikiria maji na kofia. Saa sikuifikiria.

Ilikuwa Julai 2023. Nilikuwa Roma kwa mafunzo mafupi ya kazini, na mdogo wangu alikuwa anasoma Napoli, mwaka wa nne huo. Yeye ndiye aliyeshughulikia tiketi, kwa sababu anajua Kiitaliano na ana kadi ya benki ya huko. Alhamisi usiku akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, nimepata tiketi, za Jumamosi saa kumi. Usichelewe tafadhali, hawa watu hawana mchezo."

Saa kumi. Kwa mtu aliyekulia Marangu hakuna cha kuuliza hapo. Saa kumi watoto wanatoka shule, jua limeanza kupoa, kina mama wanapanda njia na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Nikamjibu kwa kidole gumba na kulala kwa amani.

Mdogo wangu alikuwa ameishi miaka minne kwa saa za Kizungu. Kila siku ya maisha yake, darasani na kazini, saa ilikuwa namba tu kwenye kioo cha simu. Bila mwenyewe kujua, "saa kumi" yake ilikuwa imehama. Alikuwa anasoma 10:00 na kuitamka kama inavyoandikwa. Kwetu hiyo ni saa nne asubuhi.

Jumamosi nilipanda treni ya kasi pale Roma Termini saa tano. Ni mwendo wa saa moja na dakika kama kumi. Sikuwa na bando, nilikuwa nategemea intaneti ya hoteli, kwa hiyo simu zake zote za asubuhi hazikunifikia. Nilipotoka stesheni ya Napoli nilimkuta amesimama kwenye nguzo karibu na ngazi za kushuka kwenye treni ndogo, mkoba kifuani, midomo imemkauka. Alikuwa hapo tangu saa mbili na nusu. Hakunisalimia. Alinionyesha simu tu, tiketi mbili juu yake, majina yetu yote mawili yameandikwa sawasawa, na chini yake 10:00. Kioo cha simu yake kina ufa pembeni na ule ufa ulipita katikati ya zile sifuri mbili. Mpaka leo nikifumba macho nauona.

Tulikwenda hivyohivyo. Nilisema tutaomba, watu ni watu. Tulilipa gari dogo pale Ercolano, mji ulio chini ya mlima, likatupandisha kona baada ya kona, nikijipanga cha kusema. Kijana wa getini aliangalia tiketi, akaangalia saa yake, akaweka kidole kwenye namba. Mdogo wangu alimweleza kwa Kiitaliano kirefu, kijana akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa. Kukata tiketi mpya pale haikuwezekana, kwa sababu getini hapauzwi tiketi kabisa. Zinauzwa kwenye intaneti tu, na huko juu mtandao ni wa kubahatisha. Tulihangaika na simu hadi ukurasa ukafunguka, na ulipofunguka nafasi zote za siku ile zilikuwa zimekwisha.

Gari la kurudi lilikuwa halijafika muda wake. Tulikaa kwenye jiwe saa moja na zaidi, mlima uko mgongoni, watu wa mataifa yote wanatupita wakiingia.

Sasa nakiri jambo ambalo sijawahi kuliandika. Kwenye gari la kushuka nilimgeukia mdogo wangu na kumwambia, mbele ya watu ambao hata hawakuelewa: "Umekuwa Mzungu mpaka umesahau kuhesabu saa." Alikuwa ameomba ruhusa kazini, kwenye jiko la mgahawa anakofanya kazi wikendi, na alikuwa amelipa tiketi zote mbili mwenyewe ili anipokee kama mgeni wake. Alinyamaza. Nilirudi Dar es Salaam hatujaongea vizuri, na tulikaa miezi miwili tukisalimiana kupitia kwa mama.

Kilichotupatanisha kilikuwa barua ya miaka karibu elfu mbili. Nilikuwa nasoma habari za mlipuko wa mwaka 79, maana nilisema kama sikuuona mlima basi niujue. Shahidi tunayemtegemea ni Plinio Mdogo, kijana wa miaka 17 wakati ule, aliyekuwa Misenum ng'ambo ya ghuba pamoja na mama yake na mjomba wake. Baadaye alimwandikia mwanahistoria Tacitus kumweleza jinsi mama yake alivyomwonyesha mjomba wingu la ajabu likipanda, limesimama kama mti wenye shina refu na matawi yaliyotandaa juu. Yeye aliufananisha na msonobari wa kwao. Ukiwa umekulia huku utafikiria mgunga. Na aliandika saa: ilikuwa yapata saa saba.

Saa saba! Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, kama sisi. Saa yao ya saba inaangukia karibu na saa yetu ya saba, mara tu baada ya adhuhuri. Wazungu wanaposoma barua ile wanalazimika kuigeuza iwe saa moja ya kwao. Mswahili anaisoma ilivyo. Nilimpigia mdogo wangu usiku uleule, nikamsomea, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu Julai. Nikamwomba radhi. Akasema, "Na mimi dada, ningesema asubuhi, yote yasingetokea." Neno moja tu lilipungua, "asubuhi".

Mwaka huu mwezi wa Mei tumerudi, na tumepanda.

Safari hii tulianza na tiketi, tena kabla ya treni na kabla ya chumba. Tulichagua 11:00 na nikaiandika kwenye daftari kwa saa zote mbili: 11:00, saa tano asubuhi. Halafu tukahesabu kurudi nyuma kutoka getini. Gari la kupanda kutoka Ercolano, nusu saa au zaidi kidogo. Treni ya Circumvesuviana kutoka Napoli Garibaldi hadi Ercolano Scavi, kama dakika ishirini, lakini treni hiyo hujaa na huchelewa, kwa hiyo tukaipa saa nzima. Foleni ya gari, nusu saa nyingine. Tukatoka nyumbani saa mbili na nusu, na saa tano kasorobo tulikuwa getini tumeshika picha ya tiketi iliyohifadhiwa kwenye simu mbili na nyingine imechapwa kwenye karatasi. Kijana wa getini, si yule, aliimulika, ikalia, akatupisha. Mdogo wangu alinishika mkono kwa nguvu kama tulivyokuwa tukivuka mto Mue watoto.

Geti liko kwenye mita kama 1,000. Kutoka pale njia inapanda taratibu kuzunguka koni, changarawe nyekundu na nyeusi zilizochanganyika na vumbi, na uzio wa mbao upande wa bonde. Miguu inateleza, unapanda hatua mbili unarudi nusu. Mei ile vichaka vya maua ya njano vilikuwa vimechanua mteremko mzima na harufu yake ilikuwa tamu kama asali. Nusu saa hivi ukapumzika mara mbili tatu, umefika kwenye mdomo.

Nilitegemea moto, kama wengi. Ni shimo kubwa lililonyamaza, kina kama mita 300 na upana karibu nusu kilomita, kuta zake zina mistari ya kijivu, waridi na kahawia. Kwenye ukuta wa ng'ambo mvuke ulikuwa unatoka mwembamba, kama chungu kilichofunikwa vibaya. Nilisimama nauangalia muda mrefu kuliko nilivyoangalia Ghuba ya Napoli yenyewe na bahari yake yote. Mara ya mwisho mlima huu kulipuka ni Machi 1944, vita vikiendelea. Lava ilishuka ikala mji wa San Sebastiano, na majivu ya moto yakaharibu makumi ya ndege za kivita za Wamarekani zilizokuwa zimeegeshwa karibu na Pompeii. Tangu hapo umelala, na chini yake wanaishi watu zaidi ya laki sita. Ndugu zetu wa Goma, walioona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini 2002 na kushuka tena Mei 2021, hawahitaji kuelezwa maana ya kulala huko. Wataalamu wanausikiliza mchana na usiku. Kituo chao cha uchunguzi kilianzishwa 1841, cha kwanza cha aina yake duniani, na jengo lake la zamani utalipita njiani ukipanda.

Tulishuka tukaingia magofu ya Herculaneum, mji mwingine uliofukiwa pamoja na Pompeii, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ileile. Sitayaeleza sana, ila nendeni. Kule chini, kwenye vyumba vya kuhifadhia mashua ufukweni, ilikokutwa mifupa ya watu wapatao 300 waliokimbilia huko wakisubiri kuokolewa, mdogo wangu alitoka nje mapema. Nami sikukaa.

Sasa niwaambie ukweli, ndugu zangu, maana nimeulipia. Tuna ugonjwa wa hukohuko. Harusi tunaipanga miezi sita, vikao kila Jumapili, katibu na mhasibu wapo na daftari la ahadi linasomwa kwa sauti. Lakini safari ya kwenda kuona dunia, ambayo mtu ameiwekea akiba miaka, amehenyea viza na kuomba likizo, tunaiachia bahati. Mimi nilijiona mjanja kwa sababu natoka kwenye mlima mkubwa. Mlima hauulizi umetoka wapi. Geti la siku hizi linauliza saa ngapi, basi, na ukikosea hakuna wa kumpigia simu.

Kata tiketi kwanza, narudia, kwanza. Iwe na jina lako na saa yako, na uihifadhi ukiwa bado una mtandao. Mtu akikuuzia nafasi ya gari la kupanda, muulize kabla hujatoa hela kama bei ile ina kiingilio ndani yake au ni nauli tupu. Nimeona familia nzima ikigundua getini kwamba ni nauli tupu, na uchungu ule naujua. Uliza pia gari litawasubiri muda gani. Letu lilitupa saa moja na nusu, ikatosha bila kukimbia. Hali ya hewa ikichafuka njia hufungwa, kwa hiyo Vesuvio usiuweke siku ya mwisho ya safari. Kwenye ile treni, mkoba uwe mbele.

Na wewe uliyeniuliza, mama yako atapanda. Tulipishana na bibi wa Kiitaliano mwenye fimbo, anavuta pumzi kila kona na anasalimia kila anayempita. Mtafutie mama viatu vyenye soli ya kushika, si raba laini. Saa ya kwenye tiketi ni ya kuingia getini, si ya kufika juu, kwa hiyo mkishaingia mwache aende mwendo wake. Kaka yako akishakata tiketi, mwambie akutumie picha yake, na wewe uandike chini yake kwa mkono wako: saa nne na nusu asubuhi, au yoyote itakayokuwa.