Anayetaka Kusaidia Watu Ajifunze Kuhesabu

Msomaji mmoja wa Nachingwea, aliye mwaka wa pili chuoni, ameniandikia hivi: "Dada, nilichagua saikolojia ili nisaidie watu, sasa takwimu za nini?" Namjibu hapa kwa kuwa wengi huniuliza hivyo, na pia, sitaficha, kwa kuwa nimetoka kutetea tasnifu yangu ya uzamili na furaha haijanitoka. Mwalimu mmoja aliwahi kusema mbele ya darasa kwamba sisi wa shule za kata za Kusini tubaki na ushauri nasaha, takwimu tuwaachie wenye vichwa vyake. Maneno hayo bado yananichoma.

Takwimu zilinikolea Newala, msimu wa korosho. Nilikuwa na dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kati ya 27 kwa kawaida huhitaji kuchunguzwa zaidi. Nilipofika kwenye swali la uchovu, mama mmoja ambaye mikono yake ilikuwa ikinata maji ya mabibo alicheka, akasema, "Mwanangu, msimu huu nani hajachoka?" Alama zake za uchovu na usingizi zilipanda, lakini hakuwa amekata tamaa wala kupoteza hamu ya mambo yake. Je, nilikuwa napima sonona au napima mavuno? Swali hilo haliamuliwi kwa huruma. Huamuliwa kwa kulinganisha alama za watu wengi na matokeo ya mahojiano ya kitabibu, tena na watu waliochaguliwa vizuri, kwa sababu ukipita nyumba hadi nyumba asubuhi utawakuta wazee na wenye watoto wachanga tu. Wengine wako mikorosheni.

Hata ushauri nasaha wenyewe unahitaji ushahidi. Chukua wanafunzi waliopata alama za juu kabisa za wasiwasi, uwashauri, kisha uwapime tena: wastani wao huenda ukashuka hata kama ushauri wako haukuwafaa kitu, kwa kuwa vipimo vilivyopita kiasi huelekea kurudi karibu na wastani. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliandika jambo hilo mwaka 1886 akichunguza urefu wa wazazi na watoto wao. Pasipo kundi la ulinganisho, yaani wanafunzi kama hao wasiopewa ushauri, mshauri atajisifu bure, na wapo wanaojisifu.

Watafiti wakubwa nao hawakusalimika. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kutokea kwa bahati tu, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizoyapata.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kujificha nyuma ya wito. Aliyekuletea huzuni yake amekukabidhi amana, na kumpa tiba isiyopimwa kwa sababu tu unaipenda ni kumdhulumu. Usome utafiti ukiuliza nani aliyeulizwa, aliulizwa lini, na alilinganishwa na nani. Uulize tena. Wewe wa Nachingwea, anza kwa kukokotoa wastani kwa mkono kabla ya kuiachia kompyuta, na dodoso lako ulijaribu kwanza kwa watu wachache wa kijiji hicho hicho, nje ya msimu na ndani ya msimu.