Ukame Hauboreshwi: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuandika Taarifa za Miradi

Wadogo zangu mliokuja fildi mwaka huu, nawapenda, lakini jana mmeninyima usingizi. Nimepitia rasimu ya taarifa ya robo mwaka, nikafika Shughuli ya 2.3, nikakuta herufi nzito kabisa: "Kuboresha utapiamlo kwa watoto wa chini ya miaka 5." Nikafungua rasimu ya Kiingereza, nako kitenzi ni "ameliorate", na ukurasa wa pili kimerudi tena, safari hii kimebandikwa kwenye uhusiano wetu mzuri na halmashauri. Neno moja limewaangusha katika lugha mbili. Lilishaniangusha na mimi, na walioumia zaidi hawakuwa watu wa ofisini. Kaeni niwaambie.

1. Kwa Kiingereza, "ameliorate" hutaka kitu kibaya mbele yake. Asili yake ni Kilatini, melior, yaani bora zaidi, na Kiingereza kilianza kulitumia katika karne ya 18 kwa kufuata Kifaransa. Msidanganywe na hiyo asili. Wenye lugha hulitumia kwa mateso, uhaba, msongamano, maisha magumu kambini: jambo linalouma, likapunguzwa makali. Mkiandika kwamba tume-ameliorate uhusiano mzuri, mfadhili atauliza tuligombana lini na halmashauri, na barua pepe hiyo nitaijibu mimi. Wenzenu wa kilimo hawakosei hapa, kwa sababu wanalifahamu kupitia chokaa inayowekwa kwenye udongo wenye tindikali. Chokaa haiwekwi kwenye udongo usio na shida.

2. Kwa Kiswahili, kuboresha ni kwa kitu unachokitaka. Huduma, lishe, mavuno, makazi. Ukiboresha utapiamlo, umeunenepesha.

Hapa naomba mvumilie, maana hii ndiyo iliyonikuta.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa muhtasari wa mradi niutafsiri. Ulikuwa mradi wa malambo, Mkoa wa Dodoma, kule mvua inakonyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ilisema lengo ni ku-ameliorate ukame na upungufu wa chakula. Nikafungua kamusi ya mezani, nikaona "fanya bora", nikaandika bila kusita: "Lengo la mradi ni kuboresha ukame na upungufu wa chakula." Sikumsomea mtu. Nikachapa, nikagonga mhuri, mtendaji akabandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Karatasi ile ilikaa pale siku saba.

Mwezi Septemba ukafika mkutano mkuu wa kijiji. Ajenda ilikuwa moja: wanakijiji waridhie eneo la lambo ili trekta liingie kabla ya mvua. Nikasimama chini ya mbuyu nikasoma kwa sauti ya kujiamini. Mzee mmoja aliyekaa mbele akainua fimbo. "Mjukuu wangu, hebu rudia pale pa ukame." Nikarudia. Akauliza kwa upole, "Mkishauboresha utakuwa ukame wa namna gani? Huu tulionao umepungukiwa nini?" Mkutano mzima ukacheka. Nami nikacheka, nikidhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Akasimama mama mmoja ambaye hakucheka. Alisema karatasi ile wameisoma wiki nzima. Alisema magari meupe yanakuja kila mwaka, yanahesabu mbuzi waliokufa, yanaondoka. "Tulikuwa tunasema pembeni kwamba mnaishi kwa shida zetu. Leo mmeandika wenyewe, na mhuri mmegonga." Nikajaribu kueleza kwamba ni tafsiri tu. Neno "tu" likaharibu kabisa. Mwenyekiti akaona watu wameanza kunyanyuka, akaahirisha ajenda hadi mkutano unaofuata, miezi mitatu mbele.

Hesabuni wenyewe. Miezi mitatu kutoka Septemba ni Desemba. Ridhaa ilipatikana, ndiyo, baada ya mimi kurudi na karatasi mpya na kuomba radhi mbele ya watu wale wale. Lakini mvua ilikuwa imeshashika, udongo wa kule ukilowa trekta halipiti. Lambo likachimbwa kiangazi kilichofuata, na maji yaliyopaswa kukingwa msimu ule yakapita zake. Kiangazi kizima akina mama wale waliendelea kuamka usiku kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, kwa sababu ya kitenzi nilichokichukua kwenye kamusi nikiwa na haraka ya chakula cha mchana. Yule mama nilikutana naye njiani ana ndoo kichwani. Alinisalimia vizuri. Ningefurahi angenikaripia.

3. Njaa, ukame, umaskini na maradhi vina vitenzi vyake: punguza, punguza makali, ondoa, kabili, piga vita. Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na adui haboreshwi. Tazameni MKUKUTA, wa mwaka 2005: Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini. Jema limepewa lake, baya limepewa lake. Au TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini. Kunusuru! Hakuna kamusi ya Kiingereza ingewapa neno hilo. Limetoka kwa watu wanaojua maana ya kuzidiwa.

4. "Hali" ni mtego. Kuboresha hali ya maisha, sawa. Kuboresha hali ya utapiamlo, bado mmeunenepesha, mmeuvalisha koti tu.

5. Kupunguza si kumaliza, na "ameliorate" halisemi mmepunguza kiasi gani, kwa hiyo liwekeeni namba au mliache.

6. Zahanati hai-ameliorate wagonjwa. Hupunguza maumivu yao.

7. Kila mnachotafsiri, msomeeni kwa sauti mtu asiye wa ofisini. Mimi humsomea mama anayetupikia chai. Mwezi uliopita alinisimamisha kwenye "walengwa", akauliza kama kuna mtu anataka kuwapiga mshale. Sasa naandika "wanufaika", na pale inapowezekana naandika "akina mama wenye watoto wachanga", kwa sababu ndio wao.

Ile 2.3 iko mezani kwenu na wino mwekundu. Andikeni "kupunguza utapiamlo" au "kuboresha lishe", chagueni mojawapo, kisha mpitie jikoni mkaisome. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi saa nne, na tangazo halijabandikwa bado.