Siasa ikigawa kikundi cha Biblia, tenganisha maswali kwanza

Umeandika kwamba kikundi chako huko Marekani kimepasuka. Kwa wengine suala ni kutoa mimba na ndoa, kwa wengine ni wahamiaji na maskini, na sasa hata kuombeana kunafanywa kwa kununa. Unataka kujua nani mwenye haki. Sikwambii, maana umeuliza maswali manne kwa mpigo.

Jambo hili ni dhambi? Sheria ilikataze? Mwenye mamlaka ni nani: jimbo, Kongresi (bunge la taifa) au mahakama? Lina uzito gani kando ya mengine? Jadilini swali moja kwa kikao, dakika 40, basi. Kwenye la kwanza mtashangaa mnavyokubaliana. Tatizo ni kwamba watu hurukia la nne, na hapo ndipo ndugu huanza kuulizana kama wameokoka kweli.

La tatu hupuuzwa mno. Juni 2022 Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi wake wa Roe wa 1973, uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na sheria za kutoa mimba zikarudi majimboni. Visa na mipaka bado ni vya serikali kuu. Mpendwa anayepigania sheria ya kutoa mimba lakini hamjui mbunge wake wa jimbo hata kwa jina anabisha mlango usio wake.

Atatokea wa kusema, "Wainjili tumepinga kutoa mimba siku zote." Mpe tarehe. Mwaka 1971, mjini St. Louis, Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la kiinjili, walipitisha azimio lililokubali sheria ya kuruhusu kutoa mimba katika hali kadhaa, ikiwemo ubakaji. Mhubiri Jerry Falwell alianzisha Moral Majority, kundi la kisiasa la Wakristo wahafidhina, mwaka 1979. Wa upande wa wahamiaji na maskini nao wasijione wageni wa juzi: Novemba 1973 mwanateolojia wa kiinjili Ron Sider na wenzake walikutana Chicago wakatoa tamko dhidi ya ubaguzi wa rangi na dhuluma ya kiuchumi. Wote hao walihubiri wokovu uleule.

Kisha gawa karatasi yenye mambo saba: uhuru wa dini, familia, uhai, maskini, haki za binadamu, amani, utunzaji wa uumbaji. Kila mtu agawe alama 10 na aandike andiko kando ya kila alama. Hapa huharibika kwa namna moja: andiko hubebeshwa mzigo usio wake. Walawi 19:34 inaamuru kumpenda mgeni, haitaji idadi ya visa. Zaburi 139 inamwona mtoto tumboni, haitaji kifungo cha jela kwa daktari. Atakayeweka alama zote 10 mahali pamoja usimkemee. Muulize ni sheria ipi hasa anayoitaka, na nani ataitekeleza.

Karatasi ziwe na alama ya siri badala ya majina. Wiki inayofuata warudishie zilezile, na atakayetaka kubadili abadili kwa kalamu ya rangi nyingine.