Natengeneza siagi ya njugu Kisumu, huu mkataba na Ulaya utanisaidia aje?

SWALI: Niko Kisumu, natengeneza siagi ya njugu na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ninayo. Nimesikia kuna mkataba wa kuuza Ulaya bila ushuru. Binamu yangu yuko Hamburg, anasema kuna duka linataka katoni kadhaa. Nikituma silipi kitu? Nianzie wapi?

JIBU: Dadangu, mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya upo, ulitiwa saini Nairobi Desemba 2023 ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa za Kenya karibu zote, ukitoa silaha, zinaingia Ulaya bila ushuru na bila kuwekewa kikomo cha wingi. Lakini hata kabla ya hapo tulikuwa tunaingia bure, kwa ruhusa ambayo Ulaya wenyewe wangeweza kuiondoa. Waulize wakulima wa maua wa Naivasha, Oktoba 2014 mazungumzo yalichelewa na maua yakatozwa ushuru mpaka karibu Krismasi. Sasa angalau mambo yako kwa karatasi.

Alafu huo ushuru si wewe ungelipa, ni yule anayeingiza mzigo Ujerumani. Kwa hivyo unafuu unamfikia yeye kwanza, na usipoutaja wakati mnaelewana bei atatulia nao tu. Mwambie wazi, njugu yangu inakuja na cheti cha asili, hutalipa ushuru vile ungelipa ukinunua ya nchi isiyo na mkataba, kwa hivyo bei yangu ni hii.

Na hicho cheti, kinachoonyesha bidhaa ni ya Kenya, ndio kazi yote. Kinaitwa EUR.1, unapewa na watu wa forodha wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ingawa mzigo usiozidi euro 6,000 unaweza kuandika tamko lako mwenyewe kwa invoisi, na katoni za binamu sioni zikifika hapo. Sasa usikimbilie kuandika, kwa sababu tamko ni wewe umesema hii bidhaa ni ya Kenya na forodha ya kule wanaweza kuuliza uthibitishe. Njugu yako umenunua wapi? Najua vile soko letu liko, unaenda kwa muuzaji wa jumla anakuapia hizi zimetoka Ndhiwa, ukigeuza gunia unakuta limeandikwa jina la kampuni ya Malawi, na hata ndani zimechanganywa nyekundu na zile kubwa za rangi ya maziwa. Njugu ikiwa imelimwa Kenya yote mambo ni rahisi, lakini ikitoka nje, kukaanga na kusaga peke yake kunaweza kukosa kutosha. Ingia Access2Markets, ni tovuti ya Ulaya wenyewe na ni ya bure, weka koodi ya forodha ya siagi ya njugu, 2008.11, chagua Kenya na nchi unayotuma, itakuonyesha ushuru na masharti, na kuna sehemu inaitwa ROSA itakuuliza maswali moja moja mpaka ujue kama umefuzu. Ukiweza, nunua moja kwa moja kwa kikundi cha wakulima Homa Bay ama Busia na uweke risiti zenye jina, kijiji na kilo.

Sasa ile ngumu kabisa, na hii mkataba haujaigusa: aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Hapa kwetu kiwango cha juu ni mikrogramu 10 kwa kilo, Ulaya kwa njugu ya kuliwa moja kwa moja ni 4, na ile aina ya B1 peke yake ni 2. Kwa hivyo unaweza kuwa na alama ya KEBS halali kabisa na bado mzigo wako urudishwe ama uharibiwe, tena kwa gharama yenu. Na usidhani kukaanga kunaimaliza, haiishi. Inaanzia shambani, njugu ikivunwa kwa mvua ikaanikwa chini kwa udongo imeshaingia, kwa hivyo lipa mkulima shilingi kadhaa zaidi aanike kwa turubai na atoe zile zimenyauka na zenye ukungu. Kila pipa utakalosaga, peleka sampuli kwa maabara yenye ithibati kabla ya kufunga chupa.

Lebo iwe ya Kijerumani na neno la njugu lionekane kuliko mengine kwa orodha ya viungo, hiyo ni sheria yao ya mzio.

Ukiniuliza mimi, ningeanza kuuza Uganda kupitia mpaka wa Busia. Uganda hakuna ushuru kwa bidhaa zetu zenye asili ya Afrika Mashariki, na kama mzigo hauzidi dola 2,000 na bidhaa iko kwa orodha ya pamoja, unajaziwa cheti rahisi palepale mpakani. Unajifunza kutunza karatasi huku pesa inazunguka, Hamburg unatuma sampuli tu kwanza. Ukipata majibu ya maabara nitumie niangalie namba zake kabla binamu hajaahidi hilo duka tarehe.